Kompyuta kuukuu, Windows 10 na magemu: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mtaani kwetu mimi ndiye "yule wa kompyuta". Sina duka wala bango. Nina bisibisi, flashi tatu na majirani wengi. Maswali ni yaleyale, na mengi hufika saa nne za usiku yakitanguliwa na "samahani kaka, una dakika moja?" Dakika hiyo haijawahi kuwa moja. Nimeyaandika majibu hapa ili nikiulizwa nirushe linki nikalale. Maoni ni yangu, na mengine yatawaudhi mafundi wenzangu.

Laptopu yangu inachukua dakika tano kuwaka. Ndiyo imeisha?

Pengine diski tu ndiyo imechoka. Kabla hujaenda kuulizia bei ya mpya, iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya diski. Ukiikuta asilimia 100 wakati wewe hufanyi lolote, umeshamjua mchawi.

Laptopu nyingi za miaka kumi iliyopita zilitoka kiwandani na hadidiski ya kuzunguka. Ndani yake kuna kisahani kinachozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta data, kama sindano ya santuri inayorushwa kutoka wimbo hadi wimbo. Windows inapowaka inafungua mafaili madogo kwa maelfu. Mkono unakimbia, wewe unasubiri. SSD, diski ya aina mpya, haina kitu kinachozunguka. Hata ile ya kawaida ya inchi 2.5 husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, wakati hadidiski inahangaika kufika 100. Na kwenye mafaili madogo, ambayo ndiyo yanayokuchosha, tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Nimebadilisha diski kwenye mashine za mwaka 2013 ambazo wenyewe walikuwa wameshazipa watoto wachezee, na zikarudi mezani kufanya kazi.

Angalizo moja. SSD bandia zimejaa. Niliwahi kununua ya bei chee iliyoandikwa terabaiti moja, nikafurahi njia nzima. Baada ya kuweka picha za harusi ya mtu, mafaili ya mwanzo yakaanza kutofunguka. Nilipoibandua, ndani nilikuta kibao kidogo cha flashi kimegandishwa kwa gundi. Ujanja wao ni kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa, kisha data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Tangu siku hiyo kila diski na kila flashi mpya naijaza kwanza kwa H2testw, programu ya bure inayoandika hadi mwisho na kusoma tena ilichoandika. Inachukua muda. Picha za harusi hazipigwi mara mbili.

Nianze na RAM au SSD?

SSD, isipokuwa kama una RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 4 na unapenda kufungua vichupo thelathini vya kivinjari. GB 4 kwa Windows ya leo ni chumba kimoja chenye watoto sita. Nane zinatosha watu wengi.

Ni kweli Windows 10 imekufa?

Haijafa, imeachwa. Ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuitolea masasisho ya bure ya usalama. Kompyuta yako iliwaka kama kawaida tarehe 15, ndiyo maana wengi wanadhani ni kelele za bure.

Si kelele. Mfano wake upo. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu na hospitali katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Aliyekuwa ameweka kiraka miezi miwili kabla alilala usingizi. Mashine iliyoachwa haipati tena viraka vya namna hiyo, na matundu mapya hugunduliwa kila mwezi.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakioni: mfumo ukishaachwa na mwenyewe, majirani nao huhama. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Mwanzoni mwa 2023 Chrome wakaacha kuitolea matoleo mapya, na Januari 2024 Steam, duka la magemu, nao wakafuata. Kwa hiyo baada ya muda tatizo linatoka kwenye usalama, ambao hauuoni, linakuja kwenye kivinjari kinachokataa kufungua tovuti ya benki, ambalo utaliona.

Kwa wenye Windows 10 kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipia dola 30, au hulipi kitu ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Uingiaji wake uko kwenye ukurasa uleule wa masasisho, ndani ya mipangilio. Ushauri wangu ni kujiunga, kisha muda huo utumie kuamua.

Nitajuaje kama mashine yangu inaikubali Windows 11?

Soma namba ya prosesa, usisikilize umri unaotajiwa dukani. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane (i5-10210U, yenye tarakimu tano, ni cha kumi). Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani kijichipu kinachotunza funguo za siri za mashine, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64.

Kwa hizi laptopu zilizotoka maofisini Ulaya na Dubai, ambazo ndizo zimejaa Kariakoo na Luthuli, mpaka uko hapa: HP EliteBook 840 G3 na G4 zimebaki nje, G5 kwa kawaida inaingia. ThinkPad T460 na T470 nje, T480 ndani. Nasema kwa kawaida kwa sababu zipo G5 na T480 zilizofungwa prosesa ya kizazi cha saba. Ganda ni moja, bei ni moja, roho tofauti.

Kinachoniudhi ni kwamba 840 G3 yenye SSD na RAM ya GB 8 ni mashine nzuri kabisa. Inaandika, inahesabu, inaonyesha video, kibodi yake haina mpinzani. Imekataliwa kwa makaratasi.

Fundi anasema anaweza kuilazimisha Windows 11 ikubali. Nimwachie?

Anaweza kweli. Ukiandaa flashi kwa programu ya Rufus kuna kisanduku cha kuruka masharti ya TPM. Nimefanya hivyo mara nyingi, kwenye mashine za kizazi cha sita na cha saba, na zinakwenda vizuri. Lakini Microsoft hawakuahidi chochote. Masasisho ya kila mwezi huwa yanakuja. Toleo kubwa la mwaka huwa haliji lenyewe, inabidi mtu akae aliweke kwa mkono. Kama fundi yuko jirani, sawa. Kama kompyuta inakwenda kijijini kwa mzee, usimtwishe.

Na zile za enzi ya Core 2 Duo zisahau. Tangu toleo la 24H2 Windows 11 inahitaji maelekezo ambayo prosesa hizo hazina, kwa hiyo haziwaki kabisa, hata ulazimishe vipi.

Skrini ya buluu inaniomba tarakimu 48. Nimefanya nini?

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote humu, tafadhali lisome hata kama halijakukuta.

Windows 11 ya siku hizi ikiwekwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inaifunga diski kwa BitLocker bila kukuuliza kwa sauti. Diski ikifungwa hivyo, mwizi akiing'oa haisomi. Ni jambo zuri. Ufunguo wake wa dharura, tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti ile iliyotumika kuingia. Siku umebadilisha kitu kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine, inayowaka kabla ya Windows), au ubao umefanyiwa matengenezo, mashine inashtuka na kuuomba.

Sasa fikiria namna sisi tunavyopigiwa window, yaani kuwekewa Windows upya. Umempelekea fundi, umekwenda kunywa chai. Mashine inataka akaunti, wewe haupo, fundi anaweka barua pepe yake. Au anaunda mpya palepale, nywila anayoijua yeye, na jioni ameshaisahau. Miezi minane baadaye skrini ya buluu imekuja, na ufunguo wa tasnifu yako ya shahada uko kwenye akaunti ya kijana aliyehama mji. Hakuna programu ya kuvunja hiyo. Aliyekuambia anayo anataka nauli.

Leo hii, kabla hujalala, fungua mipangilio uangalie akaunti iliyo juu ni ya nani. Kama siyo yako, badilisha. Kama ni yako, nenda account.microsoft.com kwenye vifaa vyako, ukute ufunguo, uuandike kwenye daftari. Daftari, siyo kwenye hiyohiyo kompyuta.

Linux inamfaa mtu wa kawaida, au ni ya wataalamu?

Linux ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kama inamfaa, inategemea unamwita nani wa kawaida. Mama anayesoma barua pepe, kuandika ripoti ya kikundi cha kuweka na kukopa na kumtazama mjukuu kwa video hatajua amehamishwa, mradi alama ya kivinjari iko palepale. Anayepata shida ni mtumiaji wa katikati: yule aliyejifunza njia kumi za mkato za Windows na kuziita ujuzi wa kompyuta. Ana haki ya kulalamika, maana amevuliwa kitu alichokihangaikia.

Kwa wanaoanza napendekeza Linux Mint, na sababu yangu haina falsafa ndani yake: kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapewa masasisho hadi 2029. Inataka RAM ya GB 2 kwa taabu, 4 kwa raha. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo lipakue usiku kama una bando la usiku. Ukishaliweka kwenye flashi unaweza kuliendesha kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski. Zunguka nalo siku mbili. Jaribu WiFi, sauti, printa, kamera. Printa hasa, nyingine zinakubali mara moja, nyingine hukataa mpaka utoe ubani.

Uhusiano wetu na Linux una historia watu wasioikumbuka. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina si la kubahatisha, ni utu uleule tunaousema sisi. Hadi mwaka 2011 ungeweza kuomba CD zake kwa intaneti na zikaja hadi kwenye sanduku la posta, bila kulipa senti. Zangu zilikuja kwenye bahasha ngumu, na karani wa posta aliniuliza mara mbili kama nina uhakika sidaiwi ushuru. Niliziweka kwenye kompyuta ya shangazi. Modemu haikutambulika, shangazi akakaa wiki bila intaneti, na mimi nikakaa mwezi bila kualikwa chakula. Mambo ya vifaa yamekuwa mepesi sana tangu wakati ule.

Usihamie Linux kama kazi yako inategemea programu moja ya uhasibu inayofanya kazi Windows tu, au kama unatumia Photoshop kwa malipo. Kuna njia za kuzunguka, lakini mwisho wa mwezi si wakati wa kuzijaribu.

Na Word na Excel je?

LibreOffice. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, ni ya bure, na ipo ya Windows pia. Kwa barua, ripoti na bajeti ya familia hutaona tofauti. Jedwali likiwa zito lenye makro, au wakala wa uchapishaji akitaka waraka usisogee hata mstari, matatizo huanza. Ukimtumia mtu wasifu wako wa kazi, tuma PDF.

Kwa nini nisiweke kompyuta kwa Kiswahili?

Weka, hakuna anayekuzuia, Windows 10 inacho. Na kazi hii haikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, wakati wengi wetu tulikuwa hatujagusa hata kipanya. Ninaiheshimu sana kazi ile. Ndiko nilikozoea kuona "hariri" na "hifadhi" zikikaa kwenye menyu bila kuonekana za kigeni.

Mimi mwenyewe, hata hivyo, menyu zangu ziko kwa Kiingereza, kwa sababu ya uvivu tu: kosa likitokea nataka kunakili maneno yake nikatafute jibu, na majibu mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa dada yangu ameweka Kiswahili na anakwenda kasi kunishinda. Kuhusu "tarakilishi" na "kompyuta", Mkenya aseme yake na Mtanzania yake, mashine haijui.

Ninunue antivirus ya kulipia?

Hapana. Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha ukiiacha isasishwe. Hizi programu za ulinzi na za "kusafisha kompyuta" nyingine zimewahi kuwa ndiyo mlango. Mwaka 2017 toleo moja la CCleaner lilipakuliwa na watu likiwa na kirusi ndani, kimewekwa na wavamizi walioingia kwa watengenezaji. Avast, watengenezaji wa antivirus, nao walibainika kuuza takwimu za tovuti wanazotembelea wateja wao, kupitia kampuni tanzu waliyoifunga Januari 2020, na serikali ya Marekani ikawalipisha dola milioni 16.5 mwaka 2024. Mlinzi anayeuza orodha ya wageni wako.

Kirusi kinachotusumbua sisi ni kile cha shotikati: unachomeka flashi kwenye kompyuta ya stesheneri ukachapishe, ukirudi nyumbani mafolda yote yamekuwa shotikati. Usiibofye hata moja. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako, nayo yatajitokeza. Yahamishe, ichunguze flashi kwa Defender, kisha ifomati. Bora zaidi, kwa kazi ya kuchapisha uwe na flashi ya peke yake isiyo na kitu kingine.

Fundi ameniwekea Office na Photoshop "full". Kuna ubaya?

"Full" maana yake imekrakiwa. Sitakuhubiria, najua mshahara ni kiasi gani, na najua tangu 2013 Adobe walipohamia kwenye malipo ya kila mwezi mtu hawezi tena kununua mara moja akamaliza. Lakini tazama utaratibu wenyewe: ili kraki ifanye kazi, fundi anaanza kwa kumzima Defender. Umemfunga mbwa, ukafungua geti, kisha ukamkaribisha mgeni usiyemjua jina. Wengine ni wastaarabu. Wengine wanakaa wanasoma nywila zako.

Windows isiyolipiwa, kwa taarifa yako, inafanya kazi bila kraki. Inaandika maneno pembeni ya skrini na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma. Bora hayo.

Kompyuta inakula bando langu. Nizuie vipi?

Kwenye mipangilio ya WiFi, bofya jina la mtandao wako na uwashe chaguo la muunganisho wa kipimo (metered connection). Windows itaacha kupakua masasisho mazito yenyewe. Kisha mara moja kwa mwezi nenda mahali penye WiFi ya uhakika, kazini au kwa shemeji, uizime hiyo na uache isasishwe yote. Kwenye Steam zuia magemu yasijisasishe hovyo. Gemu moja kubwa la siku hizi linaweza kupita GB 100.

Niangalie nini ninaponunua laptopu iliyotumika?

Usinunue ikiwa imezimwa, wala ikiwa imechomekwa kwenye chaja tu. Chomoa chaja uone. Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha betri ilitoka kiwandani na ujazo gani na sasa inashika kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri ndani ya mapatano. Bonyeza kila kibonye cha kibodi, kimoja kimoja, muuzaji akuone wa ajabu. Fungua skrini nyeupe utafute madoa. Chomeka kitu kwenye kila tundu la USB.

Kisha ingia BIOS. Laptopu za makampuni huja na nywila ya BIOS, na nyingine zimesajiliwa kwa mwajiri wa zamani, ukiunga intaneti tu zinakuambia wewe ni mfanyakazi wa kiwanda fulani huko Ujerumani. Muulize muuzaji aifungue BIOS mbele yako. Akianza hadithi, ondoka. MacBook nazo zina kufuli la akaunti ya Apple. MacBook ambayo mwenyewe wa kwanza hajaifungua kufuli hilo ni trei la chai.

Laptopu ya ofisi inacheza magemu gani?

Mengi kuliko unavyoambiwa, ukikubali kuishi miaka kumi nyuma. Na kuishi nyuma si adhabu. GTA San Andreas ilitoka kwa kompyuta mwaka 2005 na ilitaka RAM ya MB 256. Leo inapeta kwenye chochote. Tuliokulia kwenye vibanda vya PS2 tulikuwa na karatasi ya daftari yenye kodi za kubonyeza, imekunjwa mpaka imechanika. Kwenye kompyuta unaandika tu HESOYAM, unapata afya, ngao na dola 250,000. PES 2013 na PES 2017 zinakwenda vizuri kwenye HD 520, grafiki za Intel za kizazi cha sita, ukishusha ubora. Age of Empires II ya 1999 inaweza kula likizo yako nzima. SuperTuxKart ni bure na watoto wanne wanaweza kuicheza kwenye skrini moja.

Siri moja mafundi hawaisemi: grafiki za Intel hazina kumbukumbu yao, zinakopa RAM ya mashine. Kwa hiyo kijiti kimoja cha GB 8 kinashindwa na viwili vya GB 4, kwa sababu viwili vinasomwa kwa pamoja. Nimeona gemu lililokuwa linaruka-ruka likatulia kwa kuongeza kijiti tu.

Ukiwa Linux, Steam ina Proton tangu 2018, programu ya kuendesha magemu ya Windows ndani ya Linux, na ndiyo inayotumika kwenye Steam Deck, mashine yao ya magemu ya mkononi. Magemu mengi ya Windows yanakubali. Yasiyokubali ni yale ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya walaghai, kama Valorant na Fortnite. Kama maisha yako ni hayo, baki Windows.

Ninunue PlayStation au kompyuta ya magemu?

Kama unachotaka ni mpira na marafiki sebuleni, PlayStation, usijisumbue. Kompyuta ya magemu ni kama shamba: kila msimu inataka kitu.

Nikinunua gemu mtandaoni, ni langu?

Unanunua ruhusa ya kulicheza. CD ya PS2 ungeweza kumwazima rafiki, na rafiki asirudishe, lakini haikuzimwa na mtu aliye Ufaransa. Mwaka 2014 Ubisoft walitoa The Crew, gemu la magari linalohitaji intaneti hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva. Walionunua wakabaki na picha kwenye maktaba yao. Hasira ile ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo saini zake Ulaya zilipita milioni moja mwaka 2025.

Mimi nauliza kitu kimoja kabla ya kulipa: linachezeka bila intaneti? Kama halichezeki, nalihesabu kama tiketi ya mechi, siyo mali, na bei yangu inashuka. Kwenye Steam ukijuta unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Itumie haki hiyo, wengi hawaijui.

Mtoto wa miaka tisa anataka San Andreas. Nimpe?

Hapana. Ulaya imepewa alama ya 18. Ndiyo, sisi tuliicheza tukiwa na miaka kumi kibandani, na mama zetu hawakujua.

Na wewe unatumia kompyuta gani?

ThinkPad T460, ya mwaka 2016, kizazi cha sita, ile iliyokataliwa. RAM ya GB 16, SSD, Mint. Herufi ya N imefutika kwenye kibodi na bawaba ya kushoto nimeifunga kwa skrubu ya redio. Betri inashika saa mbili na nusu, ambazo kwa mgao wa umeme wa mtaani kwetu mara nyingine zinatosha.